Kuandaa maonyesho ya sanaa kwa madumu, khanga na kreti za soda: maelekezo ya fundi mabango wa Mwanga

Nimechora mabango hapa Mwanga, Kigoma, miaka kumi na tisa sasa, na kazi hiyo ilinifundisha habari za wakubwa na wadogo kabla sijajua kwamba kuna sanaa inayozungumzia mambo hayo. Kampuni ya soda au ya simu ikitaka ukuta wa duka, inaleta rangi yake bure, ndoo nzima, pamoja na karatasi ya vipimo. Nembo yao inakula ukuta. Jina la mwenye duka linakaa chini, kona ya kulia, herufi zisizidi shubiri moja. Mwenye duka anachekelea maana ukuta umepakwa rangi bila yeye kutoa senti. Mimi nashika futikamba, napima shubiri ya mama wa watu, naiandika vizuri, nachukua ujira wangu nakwenda.

Mwaka jana niliandaa maonyesho ya siku tatu kwenye ghala la zamani la dagaa, njia ya kushuka Kibirizi, kwa wavuvi wa ziwani. Vitu kumi na kimoja, mfadhili hakuna. Tangu hapo vijana wa Kasulu, wa Uvinza, hata mmoja wa Tabora, hawaachi kunipigia: Mama Bango, ulianzaje? Basi nawaandikieni nyote kwa pamoja.

Kamata kitu kwanza

Usianze na "utandawazi" wala "ukoloni mamboleo". Ukianza hivyo utachora ramani ya Afrika imefungwa minyororo, na zimeshachorwa za kutosha. Ingia jikoni kwako, au simama sokoni Mwanga saa mbili asubuhi, uchukue kitu kimoja. Kishike mkononi ujiulize: nani alikitengeneza? Nani alitoa hela? Nani huonekana mkubwa akiwa nacho? Kikishatumika kinakwenda wapi? Kitu kikikosa majibu ya kukushtua, kirudishe mahali pake uchukue kingine.

Mimi nilianza na dumu la njano la lita ishirini. Kigoma hakuna nyumba isiyokuwa nalo. Dumu kama hilo linaingia mjini na mafuta ya kula yaliyosafishwa, yana nembo na picha ya kuvutia, na mara nyingi ni mafuta ya michikichi ya Malaysia au Indonesia. Yakiisha, linaoshwa kwa majivu na maji ya moto, linapelekwa vijijini, linarudi mjini na mawese yetu mekundu, mdomo umezibwa kwa nailoni. Sasa sikia. Mchikichi asili yake ni Afrika Magharibi. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa kwenye bustani ya Bogor, kisiwa cha Java, na uzao wa miche hiyo ndio uliokuja kujaza mashamba makubwa ya upande ule wa Asia. Mti ulitoka kwetu Afrika, ukaenda kutajirisha wengine, na sasa bibi anayechemsha ngazi, yale matunda ya mchikichi, kijijini anauziwa dukani mafuta ya ndugu wa mti wake mwenyewe, kwenye dumu ambalo kesho atalijaza yake.

Nilipofika hapo sikuwa na haja ya kutafuta mada.

Wazee wetu walijua kazi hii zamani. Watemi wa Unyamwezi walivaa kibangwa, kisahani cheupe cha gamba la konokono wa baharini, kama alama ya utemi. Gamba lile lilibebwa kutoka pwani kwa miguu. Huku Ujiji, kwenye karne ya 19, sokoni walinunua kwa shanga walizoziita sofi, na ukitaka kupita kwenye nchi ya mkubwa fulani ulitoa merikani, kitambaa cha pamba kilichotoka viwanda vya Marekani. Ndiyo maana kikaitwa hivyo. Kitu cha dukani kugeuka alama ya enzi hakikuanza na simu za bei mbaya.

Badilisha kimoja tu

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wakishapata dumu wanalipaka rangi saba, wanalibandika vioo, wanalivisha khanga, mwisho dumu halionekani tena. Kanuni yangu: badilisha jambo moja, mengine yaache kama watu wanavyoyajua. Mtu asipokitambua kitu, hawezi kushtuka kikimgeukia.

Mwaka 1962, kule Los Angeles, Andy Warhol alionyesha picha 32 za makopo ya supu, moja kwa kila aina ya supu, zimepangwa kwenye kijirafu kama dukani. Hakuongeza kitu. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanyia kazi zake Nsukka, Nigeria, huchukua vizibo na vikanda vya chupa za pombe kali, vinabondwa, vinaunganishwa kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa pazia la kufunika ukuta mzima, ukilitazama kwa mbali utadhani ni vazi la mfalme. Ukisogea unasoma majina ya pombe. Romuald Hazoumè wa Benin aliligeuza dumu la petroli, mdomo wa dumu ukawa mdomo wa mtu na mkono wake ukawa pua. Halafu akapanga zaidi ya 300 ya hayo kwa umbo la meli ya watumwa. Dumu ni lile lile la magendo ya mafuta mpakani. Ukilitazama linakutazama.

La kwangu nililifanya hivi. Nilinunua kwa muuza vyuma chakavu mizani ya kuning'iniza, ile yenye uso wa saa. Nikafungua kioo, nikakata karatasi ngumu ya duara, na pale palipokuwa na namba za kilo nikaandika kwa brashi namba mbili majina ya mahali: Kigoma, Afrika Magharibi, Bogor, bandari ya Dar es Salaam, Mwanga sokoni. Nikarudisha kioo, nikaning'iniza dumu la mawese. Mshale ukasimama penyewe. Siku ya kwanza akaingia bibi mmoja muuza mawese, akainama, akasoma polepole kwa sauti, kisha akanigeukia: "Mwanangu, mawese yangu yanapima Bogor. Bogor ndiyo bei gani?"

Sikuwa na jibu. Nikamkaribisha maji.

Kreti ya soda niliiazima wazo, na nasema wazi niliiazima. Mwaka 1970, Brazil ikiwa chini ya wanajeshi, Cildo Meireles alichukua chupa za Coca-Cola za kurudishwa, akaziandika ujumbe kwa rangi nyeupe, akazirudisha ziendelee kuzunguka. Chupa ikiwa tupu maandishi hayaonekani sana, ikijazwa soda nyeusi yanajitokeza. Mimi nilinunua kreti mbili zikiwa zimejaa, nikaweka na amana ya chupa, nikaandika kwenye kila moja jina la kwanza la kijana anayeshusha kreti kwenye gari la jumla. Niliwaomba ruhusa, wakakubali kwa masharti nisiandike majina yao ya utani. Tukaziuza baridi palepale ukumbini. Unapokunywa, soda inashuka, na jina la aliyekubebea linafifia herufi kwa herufi. Watu walikuwa wanakunywa huku wamenyanyua chupa kwenye mwanga wa mlango. Mmoja alibakiza robo akakataa kumalizia.

Ukiazima wazo, taja ulikolitoa. Tena ujiulize kama lina kazi kwako. Kijana anayenisaidia alitaka tubandike ndizi ukutani kwa solatepu kama Maurizio Cattelan alivyofanya Miami mwaka 2019, ile ambayo mwaka 2024 iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 6.2. Nikamwambia ndizi ya Kigoma ukiibandika ukutani, mtu wa kwanza kuingia ataila, na atakuwa na haki.

Meza kuu

Kwenye habari za enzi, Waafrika wengi hukimbilia kiti, na si kosa. Makumbusho ya Berlin yana kiti cha enzi cha Wanyamwezi chenye egemeo refu lililochongwa umbo la mtu. Gonçalo Mabunda wa Msumbiji anaunda viti vya enzi kwa bunduki na maganda ya risasi yaliyobaki baada ya vita vya kwao. Nilijiuliza kiti cha enzi cha Kigoma ya leo kiko wapi. Jibu ninalo kila Jumamosi kwenye sherehe: meza kuu. Kitambaa cha satini, maua ya plastiki, maji ya chupa yamepangwa mstari, viti vimevalishwa magauni. Waalikwa wengine mnakaa kwenye mabenchi, maji mtajua wenyewe.

Nikaipanga meza kuu kamili katikati ya ghala, nikaweka kibao cha MGENI RASMI nilichokichora kwa herufi zangu nzuri kuliko zote. Jambo moja nililobadilisha: sikuweka kiti kingine ukumbini. Hakuna kamba, hakuna "usiguse". Nenda kakae ukitaka.

Siku tatu watu waliizunguka kama kaburi. Ofisa aliyekuja kutufungulia alitafuta pa kukaa, akaitazama meza, akasoma kibao, akanitazama mimi, akatoa hotuba yake kasimama, fupi, na nadhani ndiyo hotuba fupi kuliko zote zilizowahi kutolewa katika manispaa hii. Waliokaa ni wawili tu. Mtoto wa darasa la pili, mama yake akamvuta sikio. Na yule bibi wa mawese, aliyesema magoti yanauma, akaketi penye Mgeni Rasmi, akafungua chupa ya maji, akanywa, akafunga kizibo, akaweka chupa kwenye kikapu chake.

Kwa hiyo ukipanga kitu cha namna hii, nunua maji ya akiba.

Nilipoharibu

Kara Walker mwaka 2014 alijenga sanamu ya mwanamke mwenye mwili wa simba kwenye kiwanda cha zamani cha sukari Brooklyn, urefu kama futi 75, kimo futi 35, nyeupe pee kwa sukari. Ndani ilikuwa maboksi ya povu, sukari imepakwa juu. Nikalisoma hilo la sukari, la povu nikaliruka. Nikatengeneza kofia ya mzungu msafiri, ile tunayoiona kwenye sanamu za Livingstone na Stanley kule makumbusho ya Ujiji, kwa sukari tupu na maji kidogo, kwenye karai. Ilikauka ikapendeza. Nikaiweka juu ya sanduku kama inavyowekwa dhahabu.

Usiku ikanyesha. Bati lilikuwa na tundu nililoambiwa limezibwa. Asubuhi kofia imekaa kama uji, sakafu inanata, na sisimizi wametoka chini ya mlango kwa mstari mmoja mrefu, kila mmoja na chembe yake, wanaelekea mashariki. Watoto wa shule walikuwa wamechuchumaa wanawahesabu. Mwenye ghala akaja juu kwamba namharibia sakafu, nami kwa woga nikafagia, nikamwaga maji ya sabuni. Mpaka leo najuta. Kazi nzuri kuliko zote kwenye yale maonyesho nimeifagia mwenyewe kwa ufagio wa chelewa.

Mafunzo ya ufundi: sukari, chumvi na unga weka juu ya povu au mbao iliyopakwa vanishi, kamwe si peke yake, na msimu wa mvua usijaribu. Mawese nayo huganda usiku wa baridi na kuvuja mchana wa jua, kwa hiyo tandika trei yenye pumba za mbao chini yake.

Ukumbi, mwanga na kutundika

Ghala linafaa kuliko ukumbi wa mikutano, maana ukumbi wa mikutano una mabango yake tayari na viti vya plastiki vinavyopigana na kazi yako. Nenda uliangalie saa ileile utakayofungua. Langu lilikuwa na mwanga mzuri saa nane hadi saa kumi na moja, jua likishuka upande wa ziwa na kuingia mlangoni. Nikafungua muda huo tu. Umeme ukikatika haukukuti. Kama lazima utumie taa, mulika kutoka juu kwa mshazari ili mtu asisimame kwenye kivuli chake, na usichanganye balbu nyeupe na za njano.

Picha na vitambaa vitundike katikati yake ikae sentimita 145 hivi toka sakafuni, zote mstari mmoja, hakikisha kwa pimamaji. Ukuta wa zamani usiupige misumari, utamwaga plasta. Funga kamba ya manila kwenye makenchi, ushushe kwa nailoni ya kuvulia. Kibirizi inauzwa ya kila unene, haionekani kwa mbali, na mvuvi atakufundisha fundo lisiloteleza bure kabisa. Acha nafasi ya hatua mbili baina ya kitu na kitu. Ukiona ghala limebaki tupu tupu, ndiyo sawa.

Shombo la dagaa sikuliondoa. Nilijaribu, halikutoka.

Maandishi

Kibao changu cha kwanza kiliandikwa na mwalimu rafiki yangu, maneno kama mia mbili, yenye "dhana" na "mtazamo". Babu mmoja akakitazama, akavua kofia, akauliza nani amefariki.

Nikarudi kwenye khanga. Khanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno ya chini. Maneno yake machache, na mwanamke anamaliza nayo ugomvi wa mwaka mzima. Basi kila kibao nikakiwekea kipimo hicho: jina lisizidi maneno ya khanga. Chini yake kitu ni nini, kimetoka wapi, mwaka gani, nani kakitengeneza. Basi. Herufi ziwe kubwa za kusomeka na mtu aliyesahau miwani. Usimweleze mtu ajisikie nini. Akikuuliza, mweleze kwa mdomo, na mara nyingi yeye ndiye atakayekueleza.

Ruhusa na daftari

Mapema, si wiki ileile, nenda kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yako, atakwambia kinachohitajika kwake na kwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Pitia kwa mwenyekiti wa mtaa. Bendera na Nembo ya Taifa zina sheria yake, usizikate wala kuchora juu yake kwa kudhani sanaa ni kinga. Khanga na fulana za kampeni zinafaa mno kwa habari hizi, lakini usiziweke za chama kimoja peke yake, na karibu na uchaguzi ziache kabatini.

Mimi nilikuwa nazo sita, za vyama tofauti, zilizochakaa. Niliziazima kwa majirani, hasa zile zilizogeuzwa mbeleko, zenye doa la maziwa begani mwa mgombea. Hizo sikubadilisha chochote, maisha yalikuwa yameshabadilisha.

Kitu cha kuazima kinahitaji daftari. Andika kitu, mwenyewe, hali yake siku unayokichukua, siku ya kukirudisha, mtie sahihi wote wawili, hata kama ni shemeji yako. Na ujue mkopo wa khanga una masharti yasiyoandikwa. Siku ya pili, saa tisa alasiri, ukumbi umejaa, jirani yangu akaingia mbio. Amefiwa na shangazi Ujiji, na ile khanga ndiyo pekee aliyonayo nzito ya kujifunga msibani. Nikapanda ngazi nikaishusha mbele ya watu wote. Akaikung'uta, akajifunga, akatoka.

Nailoni mbili zikabaki zinaning'inia. Nikachukua kibao chake, nikafuta, nikaandika: *Imekwenda msibani, itarudi Alhamisi.* Watu walisimama pale muda mrefu kuliko mbele ya meza kuu. Alhamisi tulikuwa tumeshafunga.

Jumatatu nilirudisha kreti zote mbili kwa wa jumla nikadai amana yangu. Kijana aliyezipokea aliinua chupa moja tupu juani, akaigeuza akitafuta kitu, akaipata, akairudisha kwenye kreti uso wake ukiwa umekunjuka. Majina sikuyafuta.